Gunia la Mlangoni

Kila siku Emerensiana alipotoka shule, kazi zilikuwa zinamngoja. Kwanza kuteka maji bombani, kisha kugeuza kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja. Kazi ya tatu ilikuwa kuziba mlango. Alichukua gunia kuukuu la kahawa, akalikunja mara mbili, akalisukuma chini ya mlango wa chumba cha mama yake mpaka usibaki hata upenyo wa kupita mende.

Ulikuwa mwezi wa Juni, na baridi ya Juni kule Mbinga si mchezo. Ikifika saa tisa mchana ukungu unashuka vilimani, na vidole vinakufa ganzi hata kifungo cha sweta kinakushinda. Luisa, mama yake Emerensiana, alikuwa na wiki mbili tu tangu ajifungue mtoto wa kiume, Tadei. Bibi Violet, mama mzazi wa Luisa, alikuwa amekuja kutoka Liuli kumhudumia. Kule Liuli, kando ya ziwa, watu hulala madirisha wazi kwa sababu ya joto. Bibi alipoionja baridi ya Umatengo, huko milimani Mbinga, siku ya kwanza tu, aliapa kwamba mjukuu wake hatapata nimonia yeye akiwepo. Akaagiza jiko la mkaa liingizwe chumbani na kila upenyo uzibwe.

Msidhani bibi alikuwa mzembe. Alikuwa amebanika samaki kwa miaka thelathini, na moshi aliujua vizuri, maana ulimwachia macho mekundu na kikohozi kisichoisha. Ndiyo maana jiko aliliwashia uani, akalipepea, akangoja mpaka mkaa wote uwe mwekundu na moshi uishe kabisa. Hapo ndipo alipoliingiza ndani. Alitupia majani mawili matatu ya mchaichai juu ya mkaa, na pembeni akaweka beseni la maji ili lifyonze sumu, kama ipo.

"Hewa mbaya ina moshi na ina harufu," alimfundisha Emerensiana. "Humu huoni moshi, na unanusa mchaichai tu. Basi hewa ni safi."

Emerensiana aliamini neno kwa neno. Nani angembishia mtu anayeujua moshi kiasi kile?

Lakini mama alianza kuumwa kichwa. Kila alasiri, jiko likishakaa chumbani saa moja au mbili, kichwa kilimgonga, kichefuchefu kikampanda na miguu ikamlegea. Asubuhi akitoka kuota jua uani, alipata nafuu hata akataniana na baba. Baba, Mzee Ladislaus, alimnunulia vidonge vya maumivu, visisaidie kitu. Bibi akasema ni baridi imemwingia mwilini, akaongeza mkaa.

Ikaja Jumatano. Siku hiyo Emerensiana alikutana na wenzake bombani, soga zikanoga, akachelewa. Aliporudi, manyunyu yalikuwa yameanza, akakimbilia kuifunika kahawa, na gunia alilokuwa amelianika asubuhi akalisahau juu ya kichanja. Mlango haukuzibwa siku nzima. Kesho yake asubuhi Tadei alipiga chafya mbili, na bibi akaanza kuuliza baridi imepitia wapi. Emerensiana alilirudisha gunia mahali pake kimyakimya, asimwambie mtu.

Ijumaa aliuziba mlango vizuri kuliko siku zote, afidie kosa lake. Ilipofika saa kumi na moja, alitumwa kumpelekea mama uji. Alipofungua mlango, alimkuta mama amelala ubavu, anatamka maneno yasiyoeleweka. Tadei, pembeni yake, alikuwa amelegea kama nguo mbichi, hanyonyi wala halii. Bakuli lilimponyoka mikononi, akamwita baba kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo.

Baba alimbeba mama, bibi akamchukua mtoto, na gari la jirani likawapeleka kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea, Nesi Restituta, alimpima mama malaria, haikuonekana. Akauliza mgonjwa alikula nini, alikunywa nini, na kama kuna mwingine anayeumwa nyumbani. Bibi akasema hata yeye kichwa humuuma akikaa sana chumbani, ila yeye ni uzee.

"Kuna siku yoyote wiki hii ambayo mama hakuumwa?" nesi aliuliza.

Baba akatikisa kichwa. Bibi naye akasema hapana. Emerensiana alisimama ukutani. Yeye aliikumbuka siku hiyo. Lakini akisema, bibi atajua nani aliyeiruhusu baridi iingie, na Tadei akifa, wote watasema kosa ni lake. Alimtazama mdogo wake mikononi mwa bibi. Midomo yake midogo haikusogea.

"Jumatano mama hakuumwa," alisema, machozi yakimtoka. "Jumatano sikuziba mlango. Nilisahau gunia, nikaficha. Ni mimi niliyempa mtoto baridi. Nisameheni."

Nesi aliweka kalamu chini. Akauliza ndani ya chumba hicho kuna nini. Bibi alipotaja jiko tu, nesi hakungoja amalize; aliita wenzake walete oksijeni, mama na mtoto wakawekewa palepale.

Baadaye, Tadei alipoanza kulia kwa nguvu na watu wote wakapumua, nesi aliketi na bibi. Alimweleza kwamba moshi aliouepuka ni mbaya kweli, ila mkaa mwekundu nao hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Pua haiitambui, mchaichai hauiondoi na maji ya beseni hayaifyonzi.

"Kwa hiyo niache upenyo?" bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, bibi. Hata dirisha likiwa wazi, jiko lisiingie chumbani. Ule upenyo wa Jumatano ulikuwa bahati tu. Mtoto mpeni joto la kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, kisha kofia na blanketi."

Jumapili waliruhusiwa kurudi nyumbani. Bibi alilitoa jiko kwa mikono yake mwenyewe, akalipeleka jikoni nje, kisha akamwita Emerensiana. Msichana akaja ameinamisha kichwa, akijua leo ni leo. Bibi akamshika mikono yote miwili.

"Nilitoka Liuli kuja kumlinda huyu mtoto, kumbe nilikuwa namuua," alisema. "Asante, mjukuu wangu. Asante sana."

"Lakini bibi, mimi nilisahau kazi yangu."

Mama, aliyekuwa anaota jua na Tadei kifuani, ndiye aliyejibu. "Kusahau hakukutuokoa, mwanangu. Ijumaa ulikumbuka kila kitu, na tulikaribia kufa. Kilichotuokoa ni kusema ukweli ukijua utakuumiza. Ungenyamaza, wangetupa dawa na kuturudisha kwenye chumba kilekile."

Emerensiana alilichukua lile gunia, akalikung'uta vumbi, akampelekea baba vichanjani alikokuwa anajaza kahawa kwenye magunia. Kisha akarudi chumbani, akafungua dirisha.