Maji ya Orami

Kila asubuhi Awasa na mama yake walimenya magimbi nyuma ya nyumba, na kila asubuhi waliongea kwa lugha mbili. Mama Kureng alisema Kisomek, lugha ya milimani alikozaliwa. Awasa alijibu kwa Kibidau, lugha ya baba yake na ya kijiji chao cha Bidau, pale pwani. Kisomek alikielewa chote, tangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Ila kukisema mbele ya wenzake, hilo hakutaka hata kulisikia.

Sababu aliijua mwenyewe. Shuleni watu wa milimani waliitwa wala vyura, na Tomsen, mvulana asiyekosa neno la kuchekesha darasa, alikuwa hodari wa kuigiza wanavyotetemeka kwa baridi. Darasa zima lilicheka, na Awasa naye akacheka, huku moyo ukimuuma.

Asubuhi hiyo Sista Lovai, muuguzi wa zahanati, alikuja na uso usio na utani. Surua ilikuwa imeingia vijiji vya pwani. Chanjo ilitakiwa ifike Somek, kijiji cha milimani alikozaliwa Kureng, kabla ugonjwa haujapanda mlima.

"Kureng, mguu unaendeleaje?" aliuliza.

"Si unauona, Sista? Nimekanyaga samaki wa miba kule mwambani, umevimba kama boga. Kwenda msalani penyewe ni shida, sembuse Somek!"

"Sasa nani atatuitia tukifika Tunge?"

Tunge ni mgongo wa mlima unaotenganisha pwani na nchi ya juu, na hakuna anayeuvuka bila kuita. Unasimama juu ya jiwe, unataja jina lako, jina la mama yako na chemchemi aliyokunywa maji utotoni, kwa lugha ya wanaokusikia. Wanakuuliza mama yupi, na wakikujua, wanakukaribisha. Wasipokujua, ni mgeni, na mgeni anaweza kuwa na nia yoyote.

"Awasa ataita," alisema mama.

"Mimi? Mama, si wanajua Tok Pisin? Ni lugha ya redio ile, ya nchi nzima!"

"Wanaijua wanaume waliokuja kufanya kazi huku chini. Wanawake wenye watoto hawaijui. Ita kama nilivyokufundisha, mwanangu. Taja chemchemi yangu, Orami."

Waliondoka watatu: Sista, Awasa na Tomsen, aliyepewa boksi la chanjo kwa sababu ya mabega yake mapana. Awasa alipomwona, alihamia upande wa pili wa Sista.

"Barafu ya humu inashika mpaka kesho tu," Sista aliwaonya. "Ikiyeyuka, chanjo imeharibika."

Walipanda kwa mizizi na matope, wakivuka mto uleule mara nyingi mpaka Tomsen akaanza kuulaumu. Mchana walitokeza juu ya Tunge, na Awasa akasahau hata kuvuta pumzi.

Nyuma yao ilikuwa bahari yote aliyowahi kuijua, na kisiwa cha volkano kikifuka moshi kwa mbali. Kumbe ilikuwa ndogo! Mbele yao milima ilipandana, mgongo nyuma ya mgongo, mpaka ikawa ya buluu kama anga. Kila mgongo ulikuwa na kijiji chake, na kila kijiji moshi wake mwembamba.

"Ule wa karibu ni Somek," alisema Sista, akinyoosha kidole. "Ng'ambo ya korongo wana lugha nyingine kabisa, na Somek hawaisikii. Pale penye udongo mwekundu wana nyingine tena, na wanahesabu kwa mwili. Wanaanzia kidoleni, wanapanda mkono mpaka puani."

"Puani?" Tomsen alidakia. "Wakifika hapo si wanapiga chafya?"

Sista alicheka. "Mimi nimezaliwa kusini, kwenye mito yenye miti ya sago, ambako huoni hata jiwe la kumtupia ndege. Nilidhani nchi hii naijua. Kila nikisimama hapa naona bado sijaanza."

Awasa alipanda juu ya jiwe. Aliweka mikono mdomoni, akamtazama Tomsen kwa jicho la pembeni, na akayaacha maneno ya mama yake. Akaita kwa Tok Pisin: "Sista amekuja! Leteni watoto!"

Sauti ilishuka bondeni. Kisha waliona wanawake kwenye mashamba ya viazi wakiacha vijiti vya kulimia. Waliwanyakua watoto, wakakimbilia msituni. Mmoja alirudi kumvuta mtoto aliyekaa chini akilia, nao wakapotea. Muda si mrefu hata moshi wa Somek ulikatika.

Sista aliketi juu ya boksi. "Wamejificha. Mwaka juzi walikuja watu wa kupima ardhi, wakaita hivyohivyo, kwa Tok Pisin, bila kutaja mama wala maji. Walitaka kuchukua bonde lote. Hawatatoka leo, wala kesho."

"Na barafu?" Tomsen aliuliza.

"Itayeyuka. Na surua ikija, itawakuta watoto wale hawana kinga. Mara ya mwisho ilipopanda huku, nilizika watoto. Sitaki kusema zaidi."

Awasa alibaki amesimama juu ya jiwe. Alimkumbuka yule mtoto aliyekuwa akilia. Aliona aibu, lakini safari hii si ile ya siku zote. Alivuta pumzi na kuita kwa Kisomek, kwa nguvu zote, mpaka sauti ikapasuka:

"Mimi ni Awasa! Mama yangu ni Kureng! Alikunywa maji ya Orami! Nimeleta sista wa sindano!"

Aliita tena. Tomsen hakucheka.

Halafu, kutoka msituni, ikapanda sauti ya mwanamke mzee. "Kureng yupi?"

"Binti wa Yamok, aliyeolewa pwani!"

"Mbona hajaja mwenyewe?"

"Amekanyaga samaki!"

"Amekanyaga nini?"

"Samaki! Ana miba!"

Msitu mzima ukaangua kicheko. Watu wa milimani hawajawahi kuona samaki wa kukanyagwa, na jambo hilo liliwavunja mbavu. Mmoja mmoja walianza kutoka, watoto wakiwa mabegani. Yule mzee aligeukia korongo na kuita. Ng'ambo ikajibu sauti nyingine, kwa lugha ambayo Awasa hakuijua, nayo ikaupeleka mwito mbele zaidi. Katika kila lugha Awasa alisikia majina mawili tu: Kureng, Orami.

"Nani anawafasiria?" alinong'ona.

"Akina mama," Sista alijibu. "Kila kijiji kina mwanamke aliyeolewa kutoka kijiji cha jirani, akaja na lugha yake. Wasingekuwepo, kila mlima ungebaki peke yake. Lugha ya mama yako si ya kuchekwa, Awasa. Leo imeokoa watoto. Ukiificha, unafunga njia ambayo wengine wanaitegemea."

Waliteremka Somek, na watu walifika hapo mpaka jua likaelekea kuzama, hata wale wa udongo mwekundu, na sindano ya mwisho ilichomwa barafu ingali ngumu. Yule mzee alikuwa ndiye Yamok, bibi yake. Alimshika Awasa mashavu na kuyashikilia muda mrefu.

Kesho yake walipokuwa wakishuka, Tomsen alitua boksi tupu mtoni.

"Mama yangu ametoka kisiwa kile cha moshi," alisema ghafla. "Sijui hata alikunywa maji gani. Sijawahi kumuuliza."

"Muulize," Awasa alimwambia.

Walipofika juu ya Bidau, wenzao walikuwa wakitoka shule na njia imejaa. Awasa alisimama palepale, akaweka mikono mdomoni na kuita kwa Kisomek: "Mimi ni Awasa! Mama yangu ni Kureng! Alikunywa maji ya Orami!"

Watoto wote waligeuka. Chini, mlangoni pa nyumba yao, mama alijiinua kwa fimbo. Alijifuta macho kwa kiganja, kisha akajibu naye kwa Kisomek, kwa sauti iliyosikika kijiji kizima:

"Kureng yupi?"