Vikapu vya Alhamisi

Nyumbani kwa shangazi Mwanamkuu, kule Msambweni, Mwanaima alikuwa wa kwanza kuamka kila siku. Alifagia uwanja, akateka maji kisimani, akaosha vyombo vya jana, kisha akavaa sare na kushika njia ya mkato iliyopita kati ya minazi mpaka shuleni. Ungemwona ungesema mtoto huyu hana shida yoyote duniani. Lakini alasiri, wenzake walipokuwa wakicheza, yeye alikwenda kusimama kando ya barabara kuu. Alitazama magari yaliyotoka kusini, upande wa Shimoni. Ng'ambo ya Shimoni kuna kisiwa, mwisho wa kisiwa hicho kuna kijiji cha Mkwiro, na Mkwiro ndiko alikokuwa mama yake.

Shule ya kijijini iliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea ilimbidi avuke maji akakae na jamaa zake. Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya uhuru, na wazazi wengi ambao zamani wasingefikiria kumpeleka msichana mbali, sasa walijaribu. Baba yake Mwanaima alikuwa mmoja wao, ila aliweka sharti.

"Ukishindwa kukaa, rudi," alimwambia. "Hapana atakayekulaumu. Lakini ukirudi umerudi, sitakupeleka tena."

Na Mwanaima alikuwa karibu kushindwa. Alikuwa na hamu ya sauti ya mama yake akiwaita ndani. Alikuwa na hamu ya mkeka aliolala na wadogo zake, ambao zamani aliuona mdogo na wenye kero. Zaidi ya yote alikuwa na hamu ya pweza mkavu aliyepikwa na mama yake kwa tui zito. Kwa shangazi kulikuwa na chakula kizuri na cha kutosha, lakini hakikumpita kooni.

"Mwanaima, wali huu umekukosea nini?" shangazi aliuliza siku moja. Alikuwa fundi wa kusuka vikapu, na mdomo wake ulikwenda kasi kama vidole vyake.

"Haukunikosea, shangazi. Nimeshiba."

"Umeshiba macho. Tumbo halijaona kitu."

Si kwamba mama yake alimsahau. Alimtumia chakula mara nyingi, lakini alikipitisha kwa msafiri yeyote aliyetokea. Mara kilifika kimechacha, mara kiliachwa kwenye duka ambalo hapana aliyelijua. Msafiri mmoja alifika na kikapu chenye majani ya mgomba tu, na maelezo marefu sana. Mwanaima aliamua moyoni kwamba muhula ukiisha atamwambia shangazi ukweli, arudi kwao, na masomo yawe basi.

Kabla muhula haujaisha, pikapu ya samaki ilipata pancha mbele ya mahali pale aliposimama kila alasiri. Mwenyewe aliitwa Jumbe, mchuuzi wa Shimoni. Kila alfajiri alipeleka samaki Mombasa, na alasiri alirudi na masanduku matupu.

"Shikamoo, mzee," Mwanaima alisema.

"Marahaba. Wewe mtoto, kila nikipita nakuona hapa. Wamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Natazama magari yatokayo kwetu, Mkwiro."

Jumbe aliacha kupiga pampu. Alimuuliza jina la baba yake, akacheka, kwa maana alinunua samaki wa baba huyo karibu kila asubuhi. Mwanaima aliona mlango umefunguka, akaingia.

"Mzee, baba akikuletea samaki, huwezi kumchukulia na kikapu changu?"

"Mimi nabeba samaki, mwanangu. Sibebi mapenzi."

"Si changu peke yangu. Yuko Sefu wa Wasini, yuko Mwanafatuma wa Shimoni, na wengine. Sote chakula chetu chapotea njiani. Hatutaki bure, kila mzazi atakupa kitu."

Jumbe alijikuna kichwa. Alisema barabara ni mbaya, gari ni kuukuu na yeye ni mtu wa haraka. Alipomaliza kulalamika alisema, "Alhamisi. Alhamisi tu. Na asubuhi sitasimama kungoja mtu anywe chai."

Shangazi Mwanamkuu alisuka vikapu, akawauzia wazazi. Ili visichanganyike, Mwanaima aliomba kila mama atoe kipande cha leso yake, akakishona kwenye mkono wa kikapu. Hivyo mtoto alikijua kikapu chake kutoka mbali, hata kabla gari halijasimama. Baba yake Mwanaima alikusanya vikapu vya kisiwani, akavivusha pamoja na samaki wake, na Jumbe akavishusha kwa shangazi kabla ya kengele ya shule.

Alhamisi ya kwanza Mwanaima alifunua kikapu chake, harufu ya pweza ikampanda puani. Alikula huku akilia. Shangazi, ambaye alimtania kwa kila jambo, siku hiyo hakumtania.

Wiki zilipita na vikapu viliongezeka. Siku zile neno kampuni lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Wawili wakinunua mkokoteni walijiita kampuni. Jumbe naye alianza kuita kazi ile Kampuni ya Mwanaima. Alisema kwa mzaha, lakini Mwanaima alilipenda jina hilo kuliko alivyoonyesha. Hakusimama tena barabarani alasiri, na lile wazo la kurudi kwao likapoa.

Tatizo lilikuwa safari ya kurudi. Watu wa pwani hawarudishi chombo kitupu. Jirani akikuletea mchuzi kwa bakuli, utalirudisha bakuli na chochote ulicho nacho, hata kama ni chumvi. Kwa hiyo kila mtoto aliweka kitu katika kikapu kabla ya Jumbe kupita alasiri: limau, kuni chache za kuwashia, ufagio mdogo alioufunga mwenyewe. Watoto walipokuwa wachache haikuwa taabu. Walipokuwa wengi, huyu alichelewa, yule aliahidi kuja akaishia kwenye mpira, na malimau yalimwagika yakabingirika chini ya masanduku. Jumbe alipiga honi, akapiga tena, akasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

"Ukinichelewesha tena, tafuta gari jingine," alimwambia Mwanaima.

Maneno hayo yalimtia hofu. Gari likikosekana hapana kikapu, na kikapu kikikosekana alijua hataweza kukaa Msambweni. Wiki ile shangazi alikuwa Kinondo kwenye harusi, na hapakuwa na mkubwa wa kumuuliza. Mwanaima aliwaza kama mtu mzima, au ndivyo alivyodhani. Alijiambia kwamba hii ni kampuni, si ujirani, na kampuni haina haja ya malimau. Basi Alhamisi ile aliwaambia wenzake walete vikapu vitupu. Alivipachika kimoja ndani ya kingine, akavifunga kamba, na Jumbe alipofika alivirusha garini akaondoka papo hapo. Hata alimsifu. Mwanaima alilala na furaha.

Alhamisi iliyofuata pikapu ilisimama mbele ya nyumba bila kikapu hata kimoja cha chakula. Badala yake, walishuka watu wawili kutoka nyuma, kati ya masanduku ya samaki. Wa kwanza alikuwa mzee Mwinyihaji, baba yake Sefu, uso umekunjamana. Wa pili alikuwa mwanamke aliyevaa buibui, mkononi ameshika vikapu vitupu vilivyofungwa kamba vilevile. Alikuwa mama yake Mwanaima.

Mama hakusalimia mtu. Aliweka vikapu chini, akamshika mtoto wake shingoni, akampapasa paji la uso, akamtazama macho.

"Huna homa?" aliuliza.

"Sina, mama."

"Nani alikuwa mgonjwa basi?"

"Hapana aliyekuwa mgonjwa."

Mama alikaa kizingitini, akashusha pumzi. "Nilipoona kikapu changu ni kitupu nilisema, mwanangu hawezi. Kisha nikaona vyote ni vitupu, nikasema kuna maradhi shuleni nao watuficha. Wiki nzima sikula."

"Mimi nilisema jambo jingine," mzee Mwinyihaji alidakia. "Nilisema watoto wamefunzwa jeuri huku, hula chakula cha wazazi wao kisha huwatupia chombo. Sefu hajapata kurudisha chombo kitupu tangu azaliwe. Nimekuja kumchukua. Na huko kwetu kina mama wameapa, hapana atakayetia kitu kikapuni tena."

Jumbe alikuwa ameinama akitazama gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Mwanaima alimwona. Angeweza kusema kwamba ni yeye aliyefoka na kutisha, na haungekuwa uongo mtupu. Lakini alijua nani aliyezifunga kamba zile.

"Ni mimi," alisema. "Niliwaambia wasitie kitu, ili gari lisichelewe. Sefu alikataa, nikamlazimisha. Nisameheni."

Shangazi Mwanamkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni na ukili wa kusukia vikapu mkononi, alisema, "Mimi nilikuwa nikila pilau Kinondo, la sivyo ningekuchapa kwa huu ukili."

"Mzee," Mwanaima aliendelea, akimtazama Mwinyihaji, "usimchukue Sefu. Kosa ni langu. Nimelifikiria jambo moja hapa hapa. Kila mtoto awe na vikapu viwili. Kinachokuja Alhamisi moja kirudi Alhamisi inayofuata. Mtoto atakuwa na wiki nzima ya kutafuta cha kutia, nami nitavikusanya Jumatano. Asiyeleta kilichojaa, kikapu chake sikichukui."

Mwinyihaji alivitazama vile vikapu vitupu. Alisema atakwenda shuleni akamwone mtoto wake kwanza, ndipo aamue. Jumbe naye aliwasha gari. Kabla ya kuondoka alitoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti ya chini kwamba alasiri atasimama, na watu wasimwogope sana, honi yake ni kubwa kuliko yeye.

Mwanaima alitaka kubaki na mama yake, lakini mama alikataa. "Nenda shule. Sikuvuka maji ili ukose somo."

Siku hiyo hakusikia hata neno moja la mwalimu. Saa ya mapumziko alimwendea mtoto mmoja mmoja, akakiri kosa, akaeleza jinsi wazazi walivyokaa wiki nzima na hofu. Mwanafatuma alilia. Sefu, ambaye baba yake alikuwa ametoka kuzungumza naye nje ya darasa, alisema, "Nilikwambia," kisha akauliza vikapu viko wapi.

Aliporudi nyumbani alikuta mama amempikia pweza aliyemnunua sokoni. Walikaa wawili uani, na kwa muda Mwanaima hakutaka kitu kingine chochote. Mama alimtazama akila.

"Jumbe atarudi sasa hivi," alisema. "Garini mna nafasi. Wataka twende nyumbani?"

Mwanaima aliliweka tonge chini. Hilo ndilo neno alilolingoja tangu mwanzo wa mwaka.

"Nataka, mama. Nataka sana," alisema, machozi yakimtoka. "Kila siku nataka. Lakini nikirudi nimerudi, na mimi nataka kusoma pia. Niache nikae. Ila Alhamisi usiniache."

Mama alimfuta uso kwa ncha ya leso yake. Hakumshawishi tena, ingawa ilionekana wazi kwamba naye alikuwa amelitamani jibu lile jingine.

Watoto walianza kufika na vitu vyao: mafenesi, limau, mafagio, chumvi iliyofungwa kwenye jani. Sefu alikuja na baba yake, amebeba kuni. Mwinyihaji alizitia kikapuni kwa mkono wake mwenyewe.

"Atakaa," alimwambia Mwanaima. "Lakini kila wiki nitakifungua mimi."

Honi ililia barabarani. Mwanaima alivipanga vikapu garini kimoja kimoja, akivifunika vitambaa visimwage kitu. Alipofika mwisho alisimama na kikapu chenye kipande cha leso ya mama yake. Alikuwa ameshughulika na vya wenzake mpaka akakisahau chake. Hakikuwa na hata jani.

"Mama, ngoja, niruke jikoni," alisema.

Mama, ambaye alikuwa ameshapanda na kuketi kati ya masanduku, alikichukua kikapu kile akakipakata. "Leo kiache hivi. Nimekuona kwa macho."

Pikapu iliondoka. Mwanaima aliitazama mpaka ikaingia kwenye kona, na bado akabaki pale pale. Shangazi Mwanamkuu alikuja akasimama naye.

"Shangazi, nilidhani nikiwa na kazi, hamu itaisha," Mwanaima alisema.

"Haitaisha, mwanangu, na usiombe iishe. Kazi hii uliianza kwa sababu ulijua mtu aliye mbali na watu wake huumwa vipi. Wengi huona shida yao wakalia, wewe uliona yako ukawapatia wengine njia. Hilo ni jambo kubwa. Lakini ulipolewa na jina la kampuni, ulisahau maumivu yale, ukaona vikapu tu. Kila unapotaka kubadilisha kitu katika kazi yako, jiulize kwanza yule aliye upande wa pili atakapokifungua ataona nini."

Mwanaima aliitikia kwa kichwa. Walirudi uani pamoja. Shangazi alimpa ukili, akamwonyesha namna ya kuanzisha kitako cha kikapu, kwa maana vilihitajika vingine vingi kabla ya Jumatano. Vidole vya Mwanaima vilikuwa vizito na mistari ilikwenda kombo, na alipolia kidogo shangazi alimwacha alie, wakaendelea kusuka.