Magoti ya Zamzam na Wajumbe wa Damuni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili na kuuwekea walinzi wasiosinzia, twaanza kisa hiki. Kwanza tuwajue watu wake. Zamzam ni binti wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Baba yake, Anuari, huuza tende katika soko la Kariakoo. Bibi Mgeni, mama yake Anuari, ndiye amleaye binti huyo tangu mama yake mzazi alipofariki. Naye Daktari Jyotsna, mwenye kliniki ndogo kule Upanga, ndiye amtibuye.

Zamzam alikuwa na maradhi ya viungo. Kila alfajiri magoti yake yalivimba na kukakamaa, hata akashindwa kuikunja miguu katika kikao cha tahiyatu ndani ya sala. Bibi alimkanda kwa maji ya moto, kisha binti akashuka ngazi polepole kwenda shule. Kila Jumamosi alimeza dawa ya kuutuliza ugonjwa.

Zilisalia siku tatu Ramadhani iandame. Mwaka uliotangulia Zamzam hakufunga, na wenzake wa chuo cha Kurani wakampachika jina la Kobe, aitwavyo mtu alaye mchana wa mwezi huo.

“Kobe, mwaka huu vipi?” aliuliza Shadya, rafiki yake. “Au tukuwekee uji wako wa saa nne?”

Watoto wakacheka. Zamzam akacheka nao, lakini moyo ulimchoma.

Mwezi uliopita daktari alikuwa amemwambia kwamba magoti yakitulia, na damu nayo ikitulia, watazungumza habari ya kufunga. Zamzam akalishika lile la magoti peke yake. Kwa siku nne alichukua kwa siri vidonge vya maumivu vya bibi yake, akavimeza asubuhi na jioni. Uvimbe ukapungua. Siku ya kliniki alishuka kwenye bajaji akamtangulia baba yake mlangoni.

“Shikamoo, daktari.”

“Marahaba, Zamzam. Leo naona wewe ndiye uliyeyaleta magoti, si yenyewe yaliyokuleta.”

Daktari aliyabonyeza magoti, akaridhika. Alipouliza kama bado yanakakamaa asubuhi, Zamzam alijibu hapana. Alipouliza kama ametumia dawa nyingine, alijibu hapana pia. Damu ikachukuliwa.

Walipoitwa tena, baada ya adhuhuri, uso wa daktari haukuwa na tabasamu. Alimweleza Anuari kwamba chembe za kinga zikiona hatari hutoa vitu vidogo mno, ambavyo husafiri katika damu vikiziita chembe nyingine zije kupigana.

“Mimi huviita wajumbe,” alisema. “Katika maradhi ya Zamzam wajumbe hutumwa ilhali adui hayupo, na kinga ikavishambulia viungo vyake yenyewe. Wakizidi, najua ugonjwa umeamka. Leo wamezidi sana, lakini magoti yametulia.”

“Maana yake nini, daktari?”

“Wajumbe hao hao huzidi mtu akipata uambukizo. Kama si magoti yanayowaita, nahofia kuna uambukizo umejificha mwilini. Dawa yake ya Jumamosi hupunguza nguvu ya kinga. Nitaisimamisha, na alazwe leo hospitali achunguzwe.”

Anuari akatoa simu ili amwambie mama yake afungashe nguo za mtoto.

Zamzam alijua ni nini kilichoyatuliza magoti. Mwaka uliopita alipoikosa dawa ile wiki tatu tu, hakuweza hata kushika kalamu. Sasa ingesimamishwa kwa neno lake mwenyewe. Akinyamaza, viungo vyake vitaharibika. Akisema, hatafunga, na lile jina litamngoja chuoni. Baba yake akaipeleka simu sikioni.

“Baba, kata kwanza,” alisema. “Nimemdanganya daktari.”

Akaeleza yote, macho yakiwa sakafuni.

Daktari hakumkemea. Alimpima joto, akasikiliza kifua, akapima mkojo, asije akaamini haraka kwa mara ya pili. Hakuona dalili ya uambukizo. Ndipo alipomwambia kwamba vile vidonge vilificha maumivu na uvimbe tu, wala havikuwanyamazisha wajumbe, na kuvimeza bila ushauri kungeweza kumuumiza tumbo na figo. Dawa ya Jumamosi haikusimamishwa, iliongezewa sindano.

Jioni Bibi Mgeni alimketisha karibu naye.

“Mjukuu wangu, Mola amemruhusu mgonjwa ale, nawe ukaionea haya ruhusa yake kwa ajili ya maneno ya watoto. Damu yako ilimpa daktari nusu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa ulimini mwako, nawe uliizuia. Mgonjwa amfichaye tabibu humfunga macho yule anayemtaka amwokoe.”

Siku ya kwanza ya Ramadhani Shadya alimpitia, akamkuta anakunywa uji mlango ukiwa wazi.

“Kobe,” alianza.

“Nachomwa sindano, Shadya. Ugonjwa ukitulia nitafunga. Kwa sasa nakunywa uji.”

Shadya akakaa kizingitini, akamngoja amalize, wakaenda chuoni pamoja.

Baada ya miezi miwili damu ilipimwa tena. Wajumbe walikuwa wamepungua. Alfajiri iliyofuata Zamzam alikaa tahiyatu, miguu imekunjika.

Mwenyezi Mungu awaponye walio vitandani, awape subira wawauguzao, na sisi tuliobakia atujaalie ndimi zisemazo kweli kabla hatujachelewa. Amin.