Ndege Iliyorudi Nyumbani

Saa nne asubuhi, Jumamosi, mkulima Eldon Stroh aliingia kwenye uwanja wa klabu ya kurusha ndege za kuchezea, mkononi ana ndege ndogo ya manjano iliyovunjika bawa. Asubuhi hiyo ilikuwa imetoboa paa la zizi lake na kumjeruhi ndama.

"Malisho haya nawaazima tu," alisema. "Nipate jina kabla jua halijazama, la sivyo mkarushe vichezeo vyenu kwingine."

Mahali pa kubandika jina la mwenye ndege palikuwa patupu.

Verna Klinefelter, msimamizi wa usalama wa klabu, aliifungua. Ndani kulikuwa na kifaa cha kuifanya ijiongoze yenyewe. Klabu ilikiruhusu kwa masharti: rubani aione ndege muda wote, na aweze kuiongoza mwenyewe wakati wowote.

"Ya Teddy hiyo," alisema Royce Umbarger, mwenyekiti aliyeyaandika masharti hayo. "Nani mwingine hapa ana mapenzi na ndege zinazojipeleka? Afukuzwe."

"Zangu zote zimo garini, mzee! Kahesabu!" Teddy, kijana wa klabu, alifoka. "Na ingekuwa yangu, ingenirudia hapa hapa."

Verna aliyashika maneno hayo. Ndege ya namna hiyo ikipoteza mawasiliano hurudi mahali ilipowashiwa, ndiyo maana kila mwanachama huiwashia uwanjani. Hii ilikuwa imeupa uwanja mgongo. Alinyoosha mkono kulielekea tundu la paa. Ng'ambo ya zizi, upande ule, kulikuwa na nyumba moja tu. Alikuwa amekula mezani pale mara nyingi.

Alikwenda kwenye mlingoti wa kitambaa kinachoonyesha upepo, kisha akamfuata Royce kwenye kibanda cha klabu.

"Royce, kitambaa cha upepo kinaelekea wapi?"

Royce alifinya macho dirishani. "Kaskazini."

"Nimekishusha, kaka. Mlingoti mtupu."

Royce aligeuka kutoka dirishani.

"Uliiwashia kwako. Wewe uliyetukataza sote."

"Niliijaribu uani alfajiri, nikaja nayo bila kuizima. Nikairusha hapa kabla hamjafika, ikapoteza mawasiliano, ikaelekea kwangu." Aliinama. "Daktari anasema macho haya hayarudi. Nikadhani ikijirusha yenyewe, hakuna atakayejua. Nje ya uwanja huu sina kitu, Verna."

"Na Teddy?"

"Bado kijana. Atapata klabu nyingine."

Verna alitoa simu. "Miaka yote nimesimama kando yako nikikuangalizia anga. Macho yako ningeyasitiri. Hili la Teddy siwezi."

"Dada, usimwambie Eldon."

Verna alipiga simu, akasubiri ipokelewe. "Eldon, jina limepatikana." Akamnyooshea Royce simu.

"Taja jina lako. La Teddy ulilitaja upesi."