Mwanamke Asiyetiwa Rangi

Annah, tunayelala naye chumba kimoja huku Naif, Dubai, alikuwa mlinzi wa duka la picha za kale mtaa wa Al Muraqqabat. Kazi yenyewe ni kusimama. Kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, miguu imevimba kama maandazi, na kiti hakuna. Alikuwa amebakiza siku tatu tu apande ndege kwenda kwao Busia kumwona bintiye Terry, aliyemwacha kwa bibi yake akiwa bado ananyonya.

Mchana ule arbab, mwenye duka, alikwenda kula. Annah akabaki akitazama picha iliyoletwa asubuhi: meli ya moshi kwenye mto mpana, imechapwa kwa wino mweusi, kisha mtu wa zamani akaipaka rangi kwa mkono. Abiria wote walivaa nyekundu na buluu. Mmoja tu, mwanamke aliyesimama ukingoni mwa meli, alisahauliwa. Alikuwa mweupe pe, mikono ameikunja kama anayebembeleza mtoto, na mtoto hayupo.

"Nanjala."

Annah akashtuka; dukani hamkuwa na mtu. Hilo ni jina lake la nyumbani, hata sisi wa chumbani hatukulijua. Kwao, ukiitwa na usiyemwona, huitiki. Kila mtoto hufunzwa hivyo. Lakini ulinzi ulishamfunza vingine: ukiitwa, itika upesi, la sivyo unapewa barua ya onyo. Na alikuwa amechoka, jamani, amechoka hadi kwenye mifupa.

"Nanjala."

"Yes, madam," akaitika. "Nipo."

Duka likanuka matope. Akaitazama picha. Pale ukingoni palibaki karatasi tupu.

Akamwaza Terry, akampigia mama yake.

"Mbona wapiga simu?" mama akauliza. "Si uko hapo nje, umembeba Terry?"

"Mama, mimi niko Dubai."

Mama akanong'ona, "Nguo zake zinachuruzika maji."

"Mnyang'anye mtoto! Mama!"

Simu ikaanguka kule. Annah akasikia mlango, mbio, mama akiliita jina la Yesu. Akaketi sakafuni, akalia.

Mama na majirani walimkuta Terry peke yake kwenye njia ya mtoni, mzima.

Annah alipofika nyumbani alimwogesha mwenyewe. Mgongoni mwa mtoto ngozi ilikuwa imepoteza rangi, alama ya kiganja cha mtu mzima. Akasugua kwa sabuni, akapaka mafuta. Haikutoka.

Mwishowe akaweka kiganja chake juu ya ile alama. Kikalingana, kidole kwa kidole.