Vema kwenye Karatasi za Mama

Ti, ti. Kijiko kiligonga kikombe gizani, kikanyamaza. Anaeli alijua bila kufumbua macho kwamba mama yake, Vicky, anakoroga chai polepole ili asimwamshe. Alfajiri ile, kama kila siku, Vicky angekunywa chai amesimama, kisha angekwenda Mtaa wa Kongo kufungua duka la vitenge la tajiri wake. Jioni angepitiliza darasani, karibu na Mnazi Mmoja, alikokuwa akisomea uhudumu wa afya ya jamii.

"Anaeli, umeamka?"

"Nimeamka. Shikamoo mama."

"Marahaba. Zile karatasi ulizisoma zote?"

"Zote."

"Kwa sauti?"

"Ndiyo, mama. Si nimeweka vema?"

Alama za vema zilikuwepo, moja chini ya kila ukurasa, zimechorwa vizuri kwa penseli. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Vicky aliandika akiwa amechoka na kazi za dukani, na macho yake yaliyaruka makosa yake mwenyewe. Kwa hiyo Anaeli, mwanafunzi wa darasa la sita, alimsomea kazi zake kwa sauti. Ulimi ukikwama, anapiga mstari. Usipokwama, anaweka vema.

"Mwalimu Gaudens akizikubali, Jumatatu naanza mazoezi zahanati na wenzangu," Vicky alisema mlangoni. "Asipozikubali, nasubiri mpaka mwakani. Niombee."

Anaeli alijifunika shuka mpaka kichwani.

Jioni, Vicky alirudi wakati Bi Moza, jirani wa chumba cha pili, ameketi uani anaparua samaki aliowanunua soko la Feri. Vicky hakumsalimu mtu. Aliuweka mkoba kwenye kiti, akabaki amesimama.

"Mwalimu amezisoma karatasi zangu mbele ya darasa," alisema. "Kila mstari. Watu wamecheka mpaka wameshika matumbo. Amenipa mpaka kesho jioni nirekebishe, la sivyo zahanati siendi."

"Huyo mwalimu anakuonea tu," Anaeli alisema haraka. "Mimi nilisoma, sikuona kosa lolote."

Bi Moza aliacha kuparua. "We mtoto, ulisoma saa ngapi?"

"Jana jioni."

"Jana jioni si ulikuwa kwangu unaangalia tamthilia ya Kituruki? Mpaka ukanililia yule binti alivyoachwa. Au nilikaa na pacha wako?"

Vicky alimgeukia mwanawe. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Anaeli kuliko kelele.

"Uliweka vema bila kusoma?"

Anaeli alihisi uso unawaka. Badala ya kuomba radhi, hasira zikampanda. "Nimechoka mama. Kila siku mimi. Mama zao akina Shukuru wa darasani kwetu wanapika wanalala, hawasomi. Wananiita mwalimu wa mama yake."

"Ungeniambia umechoka," Vicky alisema. "Ningemtafuta mtu mwingine. Sikukuomba vema, nilikuomba usome." Akaingia ndani, akatoka na jagi la maji, kijiko, mto wa kitandani na pakiti tupu ya ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Maelekezo ya unga ule ndiyo aliyotakiwa kumwandikia mzazi.

"Bi Moza, naomba unisaidie. Mtoto wako ni huu mto, anaharisha. Anaeli atasoma nilichoandika. Wewe fanya anachosoma tu, usiongeze lako."

"Haya, bismillahi." Bi Moza alinawa mikono, akaupakata mto.

Anaeli alishika karatasi. Sauti ilimtoka kwa kununa. "Fungua pakiti. Mpe mtoto."

Bi Moza aliielekeza pakiti kwenye pembe ya mto, akaitikisa.

"Ngoja bibi, hujachanganya na maji."

"Nani kaniambia nichanganye?"

"Ipo hapa chini. Changanya kwenye lita moja."

"Hapo chini tutafika mwanangu keshakula unga mkavu. Na hiyo lita moja ni ya nini? Mafuta ya taa?"

Anaeli akaendelea, sasa polepole. "Maji yakikaa siku nzima, amwagwe."

Bi Moza aliinuka na mto, akatazama huku na huku. "Nimmwage wapi mwanangu? Mtaroni?"

Kicheko kilimponyoka Anaeli. Alipomwona mama yake hacheki, kikamwishia kooni.

"Hivyo hivyo ndivyo walivyonicheka," Vicky alisema. "Leo ni mto. Jumatatu angekuwa mtoto wa mtu."

Anaeli alitazama ile vema chini ya ukurasa. Ulimi ungekwama mara tatu hapo, kama angeupa nafasi. Alichukua penseli, akaifuta vema, akapiga mistari. "Tuanze upya, mama," alisema. "Nisamehe."

Walianza upya. Anaeli anasoma, Bi Moza anafanya, na kila mikono yake iliposita, Vicky aliandika tena. Mwishowe ikasomeka hivi: Nawa mikono kwa sabuni. Mimina unga wote wa pakiti kwenye lita moja ya maji safi ya kunywa. Koroga mpaka unga uyeyuke. Kisha mpe mtoto maji hayo kidogo kidogo. Yakibaki baada ya siku moja, yamwage.

Bi Moza hakusita mahali. "Sasa mwanangu atapona," alisema, akarudi kwa samaki wake.

Kesho yake Vicky alirudi na karatasi zimekubaliwa. Anaeli alimkimbilia, lakini mama alimshika mabega kwanza.

"Bado nina hasira na wewe, sikufichi. Kukosea kuandika si aibu, mwanangu. Mtu anasoma tena, anarekebisha. Lakini ukiniambia umesoma na hujasoma, naenda mbele za watu nimefumba macho. Na mzazi atakayekuja zahanati atanifuata mimi, naye amefumba macho, kwa kuniamini. Kama umechoka, sema umechoka. Kama hujasoma, sema hujasoma. Kwa hilo sitakugombeza."

Kisha ndipo akamkumbatia, kwa nguvu.

Wiki kadhaa zikapita. Jioni moja Vicky alitoka zahanati, sare yake nyeupe imekunjamana, akakaa mkekani kuvua viatu. Kazi mpya ilikuwa mapajani mwa Anaeli. Chumba cha pili, muziki wa tamthilia ulikuwa umeshaanza, na Bi Moza alimwita Anaeli akaangalie.

"Umesoma zote?" mama aliuliza.

Penseli ilikuwa mkononi. Anaeli aliitazama karatasi, akainua uso.

"Ukurasa wa mwisho sijausoma."