Makuhani Wawili Bondeni Kidroni

Kigae cha ujumbe kilikuwa na maneno saba tu: "Kuhani mmoja. Sura ya Kaisari. Mzuie langoni."

Hilkia, jasusi wa hekalu, alikisoma, akakisaga kwa kisigino. Sura ya mfalme wa kipagani ikiingia hekaluni wiki hii ya Pasaka, watu watawaka. Warumi watachomoa panga. Yerusalemu italia.

Adhuhuri makuhani wawili walitoka kambi ya Warumi, kila mmoja na furushi.

Wa mbele Hilkia hakumjua.

Wa nyuma alikuwa Yoezeri.

Moyo wa Hilkia uliruka kwa furaha, wala hakuona haya. Yoezeri, rafiki wa maofisa wa Kirumi! Yoezeri aliyeoga maji yao ya moto na kunukia waridi, hadi Shelamzioni, mchumba wa Hilkia, akaolewa naye. Mwaka wa tatu huu wivu unamla.

Akamfuata yeye.

Barabara ya Warumi haikuwa na shimo hata moja. Hilkia aliwachukia kwa hilo pia. Wamekuja juzi tu, na kila wanachojenga kinasimama. Hata jambia lililofichwa ndani ya kanzu yake lilikuwa chuma cha Noriko, jimbo lao la mbali, kazi ya mafundi wao. Hakupata jingine linalokata vile.

Kioo cha shaba kikamulika kutoka ukuta wa hekalu. Mlinzi wa lango aliuliza: yupi?

Kumulika mara moja, wa nyuma. Mara mbili, wa mbele. Hilkia akainua kioo chake amtaje Yoezeri.

Mbele yao, bondeni Kidroni, makaburi yalikuwa meupe pe. Yalipakwa chokaa juzi, kuhani asije akayakanyaga akapata najisi.

Yoezeri alisimama. Akasonya. Akazunguka njia ndefu, jasho likimtiririka.

Yule mgeni alikuwa ameshakata katikati. Kaburi, kaburi, kaburi.

Mkono wa Hilkia ukabaki hewani. Pamoja na waridi lake lote, Yoezeri bado alikuwa kuhani.

Iliuma. Lo, iliuma!

Akamulika mara mbili, akatimua mbio.

Lango lilikuwa limefungwa.

"Fungueni! Mimi kuhani, nachelewa sadaka ya jioni!" yule mgeni alipaza sauti.

"Kuhani gani wewe?" Hilkia alimgusa ubavu kwa ncha ya jambia. "Hebu tazama viatu vyako."

Vilijaa chokaa.

Mtu yule akachomoa upanga mfupi. Jambia likamwahi mkononi. Furushi likaanguka, likafunguka: uso wa Kaisari, shaba tupu. Walinzi waliutupia gunia, wakamburuta mwenyewe.

Yoezeri akafika akihema.

"Ulinifuata tangu kambini, Hilkia. Nilikuona."

"Furushi lako lina nini?"

"Ubani wa hekalu. Wiki nzima nawabembeleza wale mbwa wa Kirumi wauachie. Ulijuaje si mimi?"

"Ulizunguka."

Yoezeri akacheka. "Basi twende ukale, ndugu yangu. Shelamzioni kapika dengu."

Hilkia alifuta jambia, akalirudisha ndani ya kanzu.

"Nilitaka sana uwe wewe," alisema.

Akaondoka taratibu, bila kugeuka, kwa ile barabara nzuri ya Warumi.